Amplifaya ya valvu inavuma au sauti imefifia: tafuta ubovu hatua kwa hatua

Wapiga gitaa wengi huanzia mwisho. Amplifaya ikianza kuvuma au sauti ikififia, wananunua seti nzima ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti), wanazipachika, wanawasha, na kelele iko palepale. Kubadilisha valvu zote kwa mkupuo ni kupiga ramli kwa bei ghali. Mwongozo huu unakwenda kinyume: unaanza nje, kwa vitu visivyogharimu kitu, kisha unaubana ubovu sehemu kwa sehemu mpaka ukose pa kujificha.

Mfano wetu ni Fender Hot Rod Deluxe, kwa sababu ni ya kawaida na magonjwa yake yanajulikana: wati 40, valvu ndogo tatu za 12AX7, kubwa mbili za 6L6GC, spika moja ya inchi 12. Kama yako ni Blues Junior yenye EL84 au Marshall yenye EL34, mpangilio wa kazi ni uleule. Kinachobadilika ni volti na miguu ya valvu. Ukiona ECC83 badala ya 12AX7, usihangaike, ni valvu ileile.

## Soma hapa kabla ya kugusa kitu

Ndani ya amplifaya hii kuna volti zaidi ya 400 za DC (umeme wa mkondo wa upande mmoja). Kapasita kubwa zinaweza kuzihifadhi hata baada ya kuchomoa plagi, na zinatosha kuua. Hatua ya 1 hadi ya 7 hazihitaji kufungua boksi la chuma lenye saketi, isipokuwa kupima bayasi mwishoni mwa hatua ya 6. Hatua ya 8 inahitaji. Kama hujawahi kupima umeme wa kiwango hicho, ishia ya 7, kisha mpelekee fundi majibu uliyopata. Utakuwa umeshamfanyia nusu ya kazi.

Usiwashe kamwe bila spika kuchomekwa. Transfoma ya kutolea sauti ikikosa mzigo, volti zinaruka juu na kuunguza waya zake za ndani. Hicho ni kifaa cha bei mbaya.

Fyuzi ikikatika, weka yenye namba ileile na aina ileile. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara si fyuzi.

## Vifaa

- Kebo mbili fupi za gitaa ambazo una hakika ni nzima
- Valvu moja ya 12AX7 iliyo nzima, ya akiba
- Penseli ya mbao yenye kifutio
- Dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme, ile inayokauka (mafuta ya kulainisha bawaba hayafai, yanashika vumbi)
- Maltimita inayopima hadi volti 1000 DC, yenye ncha nzima
- Betri ya volti 1.5
- Simu yenye muziki, na waya wa kuitoa kwenye simu hadi plagi nene ya gitaa
- Kwa hatua ya 8 tu: rezista ya kiloomu 10, wati 5, iliyofungwa waya wenye vibanio pande zote mbili, chuma cha kulehemia cha wati 40 hadi 60, lehemu ya 60/40

## Hatua ya 1: Iache amplifaya peke yake

Chomoa gitaa, pedali zote na swichi ya mguu. Shusha mwangwi (Reverb) hadi 0. Chomeka kwenye soketi yenye ethi, siyo kwenye ekstensheni yenye televisheni na chaja tano. Washa, subiri dakika moja, kisha toa standby (swichi ya kusubiri).

Kelele imekwisha? Basi amplifaya haina kosa. Rudisha vitu kimoja kimoja: kebo, gitaa, pedali. Kinachorudisha kelele ndicho kibovu. Adapta za pedali na taa za LED zenye kupunguza mwanga ni watuhumiwa wa kudumu. Simu ikiwa juu ya amplifaya hutoa ile "tik-tik-tik" kabla ya kuita. Hiyo si ubovu.

Sasa pima soketi. Kenya inatakiwa iwe volti 240, Tanzania 230. Jioni, umeme ukishuka hadi 190 kwenye mashine ya 230, hita za valvu (nyuzi za ndani zinazozipasha moto) zinazotaka volti 6.3 zinapata 5.2 tu, na zile volti 420 za kuendesha sauti zinabaki kama 347. Amplifaya itasikika imechoka hata kama kila kipuri ni kizima.

Kama ililetwa kutoka Marekani na ni ya volti 120, chunguza transfoma ya kupunguzia umeme. Nyingi zina tundu la miguu miwili tu, hivyo ethi inakatikia hapo. Matokeo yake ni mvumo, na mtetemo wa shoti mdomoni unapogusa maikrofoni ukiwa umeshika nyuzi. Tafuta yenye ethi inayopita hadi upande wa pili. Na usikate mguu wa ethi ili kunyamazisha mvumo: ukifanya hivyo, siku kipuri kikivuja, mwili wako ndio utakuwa ethi.

Umefaulu kama: unajua kwa hakika kelele iko ndani ya amplifaya, na umeme wa soketi ni wa kawaida.

## Hatua ya 2: Tambua sauti ya kelele kwa kutumia gitaa lenyewe

Hapa ndipo wengi hupita haraka, na ndipo penye jibu. "Kelele" si jina la ugonjwa. Tuni gitaa, lipigie bila amplifaya, na linganisha.

Uzi wa sita ukibonyezwa freti ya tatu hutoa G ya hezi 98. Umeme wetu ni wa hezi 50, na baada ya kubadilishwa kuwa DC, mabaki yake huwa hezi 100. Kwa hiyo mvumo ukifanana na noti hiyo, chanzo ni usambazaji wa DC: kapasita za kuchuja zimekauka, au valvu kubwa mbili hazivuti sawa. Mvumo ukiwa oktavu moja chini yake, mzito, ni hezi 50: ethi mbovu, hita za valvu, au waya unaodaka umeme njiani. (Mafunzo ya Marekani yatakuambia usikilize B, kwa sababu umeme wao ni hezi 60. Usiyafuate hapo.)

Sauti nyingine hazihitaji noti:

Mchirizi kama mvua juu ya bati: valvu ndogo ya kwanza, au rezista kongwe.

Mipasuko kama bisi zikikaangwa: rezista ya pleti (bamba la chuma ndani ya valvu), kiungo cha lehemu kilichopasuka, au soketi chafu ya valvu.

Mlio wa kengele au yowe linalopanda lenyewe: valvu inayosikia mitetemo kama maikrofoni.

Mkwaruzo unapozungusha kidhibiti tu: uchafu ndani ya kidhibiti, au DC inayovuja humo. Tofauti yake utaipata hatua ya 8.

## Hatua ya 3: Zungusha vidhibiti

Hakuna kipimo kizuri kama hiki, na hakikugharimu senti. Panga vidhibiti vyote 0, kisha pandisha kimoja kimoja.

Kelele ikipanda na kushuka pamoja na kidhibiti cha sauti, chanzo kiko *kabla* ya kidhibiti hicho: jeki ya kuingilia au valvu ya kwanza. Isipobadilika hata kidogo, chanzo kiko *baada* yake: hatua za ukuzaji zinazofuata, valvu za nguvu, kapasita. Ikipanda unapoongeza mwangwi peke yake, ni saketi ya mwangwi au lile boksi la springi lililo chini. Liondolee waya zake mbili, na kelele ikikoma umeshampata mwenyewe.

Andika ulichosikia kwenye karatasi. Baada ya saa moja ya kuchomoa na kuchomeka, hutakumbuka.

## Hatua ya 4: Gawa amplifaya vipande viwili

Hii ni kwa sauti iliyofifia hasa. Hot Rod Deluxe ina jeki mbili zilizoandikwa Preamp Out (sauti inatoka sehemu ya mbele) na Power Amp In (inaingia sehemu ya nguvu). Usipochomeka kitu, sauti hupita kutoka moja kwenda nyingine kwa kijibati kidogo ndani ya jeki. Kijibati hicho kikishika kutu au vumbi, sauti inafifia au inakatika, na dalili yake haifichiki: unapiga taratibu, kimya, unapiga kodi (chord) moja kwa nguvu, sauti inashtuka na kurudi.

Chukua kebo fupi, unganisha Preamp Out na Power Amp In.

Sauti imerudi kamili? Ubovu ni kile kijibati. Zima, puliza dawa kidogo kwenye ncha ya plagi, ingiza na toa mara 15 hadi 20 katika jeki zote mbili, acha ikauke dakika 10. Inashangaza ni amplifaya ngapi zinauzwa kwa bei ya kutupa kwa ubovu huu peke yake.

Hakuna mabadiliko? Endelea. Chomeka simu kwenye Power Amp In, sauti ya simu ikiwa chini, kisha ipandishe polepole. Muziki ukitoka kwa nguvu na safi, sehemu ya nguvu na spika ni nzima, nenda hatua ya 5. Ukitoka dhaifu au umekwaruzika, ruka hadi ya 6.

Ukitaka uthibitisho, toa kebo kutoka Preamp Out hadi kwenye mixa ya kanisani au ya bendi, huku spika ya amplifaya ikibaki imechomekwa. Gitaa likisikika vizuri kwenye mixa, sehemu ya mbele haina hatia.

Umefaulu kama: unaweza kusema kwa uhakika, "ubovu uko mbele" au "ubovu uko nyuma."

## Hatua ya 5: Valvu ndogo

Zihesabu kuanzia upande wa jeki ya gitaa: V1, V2, V3. V3 ndiyo inayogawa sauti kwa valvu kubwa mbili.

Kwanza gonga. Amplifaya ikiwa imewashwa, sauti kwenye 4, gonga kila valvu taratibu kwa kifutio cha penseli. V1 itasikika kidogo hata ikiwa nzima, kwa kuwa kila kitu baada yake kinaikuza. Inayolia kama kengele au kutoa mipasuko ndiyo ya kuiweka pembeni.

Kisha chomoa. Zima, subiri dakika 5, shika valvu kwa kitambaa na uivute wima. Ukiitikisa kama unang'oa jino, utapanua soketi. Toa V1, washa, sikiliza. Kelele imekufa? Ni V1 au saketi yake. Bado ipo? Zima, toa na V2. Bado? Toa V3. Zote tatu zikiwa nje na kelele ikabaki, sehemu ya mbele imeachiwa huru. Nenda hatua ya 6. Ukiona kuchomoa valvu moja kunazima mwanga wa nyingine, amplifaya yako ina hita zilizofungwa mfululizo, na kipimo hiki hakiifai.

Ukishajua ni nafasi gani, weka valvu ya akiba hapo. Kelele ikikoma, nunua moja tu. Ikibaki na valvu mpya, basi ni saketi, na hakuna idadi ya valvu itakayoitibu.

Onyo: amplifaya kadhaa za Fender za zamani zina 12AT7 kwenye mwangwi na kabla ya valvu kubwa. Soketi ni ileile lakini valvu siyo. Soma maandishi kabla ya kubadilishana.

Ukiwa hapo, puliza dawa kwenye miguu ya valvu, ingiza na utoe mara tatu. Soketi chafu huiga ugonjwa wa valvu vizuri sana.

## Hatua ya 6: Valvu kubwa

Zima taa ya chumba, washa amplifaya, tazama kwa nyuma.

Rangi ya chungwa katikati ni hita, ndivyo inavyotakiwa. Buluu hafifu inayocheza kwenye ukuta wa kioo pia ni ya kawaida. Zambarau au waridi inayojaa *kati* ya pleti ni gesi: valvu imekwisha. Pleti ya kijivu ikianza kuwa nyekundu, zima papo hapo. Valvu inavuta mkondo kupita kiasi na transfoma iko mashakani. Kichwani mwa valvu kuna doa la fedha linalong'aa. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia.

Valvu kubwa moja ikifa, nyingine itaendelea peke yake: sauti inapungua, inakwaruza mapema, na mvumo wa hezi 100 unaongezeka, kwa sababu valvu hizi mbili zikifanya kazi pamoja hufutiana mvumo. Kwa hiyo sauti kupungua *pamoja na* mvumo kuongezeka ni alama ya valvu kubwa, karibu kila mara.

Badilishana nafasi zao. Wekundu au ubaridi ukihama na valvu, valvu ni mbovu. Ukibaki kwenye soketi ileile, ubovu ni wa soketi hiyo au saketi yake.

Nunua jozi iliyolinganishwa, kisha bayasi (mkondo wa valvu ikiwa haipigi sauti) ipimwe. Kwenye Hot Rod Deluxe kipimo cha kiwanda ni milivolti 60 juu ya rezista ya omu 1, yaani miliampia 60 kwa valvu zote mbili, 30 kila moja. Wengine hupandisha ili sauti inenepe. Dari ni asilimia 70 ya uwezo wa valvu: 6L6GC ina wati 30, kwa hiyo wati 21, ukigawa kwa volti 420 unapata miliampia 50. Kukaa karibu na dari hiyo kunakula valvu haraka bila faida inayosikika jukwaani. Rezista ya bayasi iko ndani, kwa hiyo tahadhari za hatua ya 8 zinahusika.

## Hatua ya 7: Spika

Zima, chomoa spika, pima ncha zake. Ya omu 8 husoma kama 6 hadi 7. Isiposoma kitu, koili imekatika. Gusa ncha hizo kwa betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja: koni iruke na kutoa mlio mkavu. Kisha isukume koni polepole kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawa. Ukisikia mkwaruzo kama msasa, koili inasugua.

Kagua pia waya wa spika. Mtu akiwa ameweka kebo ya gitaa badala yake, itoe. Waya wake wa kati ni mwembamba mno, unapoteza nguvu na unaweza kukatika muziki ukiendelea, na hapo tunarudi kwenye onyo la transfoma.

## Hatua ya 8: Ndani ya boksi

Chomoa plagi. Subiri dakika 5. Toa boksi. Kibanio kimoja cha rezista yako kwenye chasisi (lile boksi la chuma lenyewe), kingine kwenye mguu chanya wa kapasita kubwa ya kwanza, sekunde 30. Pima: iwe chini ya volti 10. Rudia kwa kila kapasita kubwa. Usitumie bisibisi kupiga shoti. Cheche yake inaharibu kapasita na kukutia upofu wa muda. Unapopima ikiwa imewashwa, banika ncha nyeusi kwenye chasisi, tumia mkono mmoja, na mwingine uwe mfukoni.

Lehemu. Anza na zile rezista mbili kubwa za omu 470, wati 5, za Hot Rod. Zinalisha umeme mdogo wa mwangwi, wa kubadili chaneli na wa zile jeki za hatua ya 4, na huchemka mpaka lehemu yake inapata ufa wa duara, mwembamba kama unywele. Chaneli ikigoma kubadilika na mwangwi ukafa siku moja, mwendee huyo kwanza. Yeyusha lehemu ya zamani, ifyonze, weka mpya, na uinue rezista milimita 5 juu ya bodi ipate hewa. Halafu angalia jeki na soketi za valvu.

Kapasita za kuchuja. Juu ikiwa imevimba, au kuna ute chini, badilisha zote pamoja: mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi. Geuza chanya na hasi, na italipuka.

Valvu ndogo kwa maltimita. Kwenye 12AX7, pleti ni mguu wa 1 na wa 6, kathodi (sehemu inayotoa elektroni) ni wa 3 na wa 8. Hatua ya ukuzaji ya kawaida husoma volti 150 hadi 250 kwenye pleti, na 1 hadi 2 kwenye kathodi. Pleti ikisoma 0, rezista yake ya kiloomu 100 imekatika. Ikisoma sawa na volti zinazoilisha, valvu haivuti: valvu imekufa, au rezista ya kathodi imekatika. Volti ziko sawa lakini bisi zinaendelea? Badilisha rezista ya pleti kwa ya filamu ya chuma, kiloomu 100, wati 1.

Sauti nyembamba na dhaifu huku volti zote ziko sawa: shuku kapasita ndogo ya kathodi, kwa kawaida mikrofaradi 22 au 25. Ikikauka, hatua hiyo ya ukuzaji inaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu yake.

DC inayovuja. Kidhibiti kinachokwaruza hata baada ya kusafishwa, pima DC kwenye miguu yake. Ukikuta volti moja au zaidi mahali panapotakiwa kuwa 0, kapasita iliyo kabla yake inavuja. Ikivuja kwenye gridi (sehemu inayopokea sauti) ya valvu kubwa, ndiyo inayozifanya pleti kuwa nyekundu hata ukinunua mpya.

Hita. Mvumo wa hezi 50 usiokoma: pima volti 6.3 AC, kisha tafuta rezista mbili ndogo, mara nyingi za omu 100, zinazounganisha hita na ethi. Valvu kubwa ikipata shoti, hizo huungua kwanza.

Rezista za skrini (gridi ya pili ya valvu kubwa). Omu 470 kwenye mguu wa 4 wa kila 6L6. Iliyokatika huacha valvu ikiwaka vizuri kabisa bila kufanya kazi yoyote.

## Kabla ya kufunga

Washa, sauti kwenye 4, piga dakika 30 mfululizo. Tazama pleti gizani tena, gonga valvu tena. Sauti ikiwa 0, ukisimama mita 2 usisikie kitu. Kwenye 4, mchirizi mdogo ni wa haki, hakuna amplifaya ya valvu isiyopumua. Ziandike volti ulizopima, pamoja na tarehe, kwenye karatasi, na uibandike upande wa ndani wa ubao wa nyuma.